Mtoko wa Watoto Dar es Salaam: Anza na Saa, Mahali Patafuata

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Desemba, wazazi wa Dar es Salaam hujikuta na watoto wenye nafasi tele katika miezi ambayo jiji halina ubaridi hata kidogo. Kaskazi inavuma ikiwa imebeba unyevu wa bahari, joto la mchana linacheza kati ya nyuzi 31 na 33, na usiku nao hauleti nafuu. Hapo ndipo ratiba za kifamilia zinapoandikwa, nyingi zikifanana: asubuhi Makumbusho ya Taifa, mchana pantoni ya Kigamboni na chakula mjini, jioni Coco Beach mpaka giza liingie. Kwa mtu mzima ratiba hiyo ni ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni siku nzima ya joto bila usingizi wa mchana, akibebwa, akivutwa mkono na kunyamazishwa njia yote. Akianza kulia saa saba mchana huambiwa anadeka. Hadeki, amechoka. Mwongozo huu unatetea njia nyingine: panga siku ya watoto wadogo kwa kuanzia na saa, yaani saa za jua, za usingizi na za maji ya bahari, kisha ndipo utafute mahali panapoingia ndani ya saa hizo. Ukipanga hivyo, mahali pamoja panatosha, na utulivu unakuja kwa sababu ya yale uliyokubali kuyaacha.

Tuanze na jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi jua la mchana hupita karibu na utosi. Halifiki juu kabisa saa sita kamili kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo iliyo mashariki zaidi ya jiji letu. Kilele huangukia karibu saa sita na nusu, na hewa huendelea kupata joto kwa muda baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wapunguze kukaa juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na kwa mtoto ushauri huo una uzito zaidi. Mwili wake mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto la nje haraka, na jasho lake ni kidogo kuliko la mtu mzima. Tena jasho hupoza mwili pale linapokauka. Katika hewa yenye unyevu kama ya kwetu huchuruzika tu. Baada ya kuondoa saa hizo, unabaki na vipindi viwili: tangu macheo hadi saa nne asubuhi, na tangu saa kumi jioni hadi machweo, ambayo msimu huu huja baada ya saa kumi na mbili na nusu. Chagua kimoja. Muda uliobaki ni wa kuwa chini ya paa, na usione kwamba umepotea.

Saa ya pili ni ya usingizi. Mwongozo wa Shirika hilo hilo wa mwaka 2019 unaeleza kuwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Kwa watoto wengi wa umri huo usingizi wa mchana huja baada ya chakula, kati ya saa sita na saa tisa. Ukitazama utaona kwamba mwili wa mtoto na jua la Dar es Salaam vinasema jambo moja: mchana si wakati wa kuzurura. Mzazi anayepanga siku nzima mfululizo anapigana na vyote viwili kwa mpigo. Wapo watakaosema mtoto atasinzia kwenye daladala au mgongoni. Atasinzia kweli, lakini kwa kukatizwa na honi, joto na kushuka kituoni, na akiamka hajaburudika. Ndiyo maana kilio kikubwa cha siku huja jioni, familia ikiwa imefika ufukweni, mahali ambapo kila mtu alipangojea tangu asubuhi. Ratiba ilikiweka kitu kizuri kuliko vyote katika saa ambayo mtoto hakuwa tena na nguvu ya kukifurahia.

Saa ya tatu wengi huisahau ingawa jiji liko kando ya bahari: maji hupwa na kujaa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita meta 3, na katika pwani yetu kupwa kwa siku hizo huangukia karibu saa nne asubuhi, na kujaa karibu saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa hugeuka, maji yakijaa asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa mtoto wa miaka miwili au minne, maji yanayopwa ndiyo bahari yake, maana huacha mchanga mpana, madimbwi ya kufika kwenye vifundo vya miguu, kaa wadogo na makombe. Maji yanayojaa kwa nguvu hula mchanga na kuleta mawimbi. Basi siku za bamvua nenda ufukweni asubuhi, na siku za maji mafu nenda jioni. Huhitaji chombo chochote cha kupima. Kalenda ya Hijria iliyoning'inia ukutani inatosha, kwani bamvua huja karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi, au siku moja mbili baadaye. Hata sikukuu zinasomeka humo. Idd el-Fitri huwa tarehe mosi Mfunguo Mosi, kwa hiyo kila mwaka jioni yake, ambayo ndiyo jioni ya umati mkubwa Coco Beach, ni jioni ya bamvua na maji yaliyojaa. Idd el-Hajj, tarehe 10 Mfunguo Tatu, huangukia karibu na maji mafu, na jioni yake maji huwa yanapwa. Mwenye watoto wadogo aende ufukweni siku ya pili ya sikukuu, umati ukiwa umepungua, na kati ya Idd hizo mbili ya kuogopwa kidogo ni Idd el-Hajj.

Sasa ndipo utafute mahali. Kipimo cha kwanza kiwe hiki: je, mtoto akichoka ghafla, unaweza kuondoka ndani ya robo saa? Ufukwe wa Coco unapita kipimo hicho, kwa kuwa barabara iko pale pale. Fukwe za Kigamboni zinapita kwa anayekaa upande huo au anayevuka kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Kisiwa cha Mbudya, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ni kizuri ajabu, lakini unafika kwa boti kutoka Kunduchi na unarudi boti inaporudi. Kiache mpaka watoto wamekua na kuna jaketi la kuokolea linalowatosha. Kwa asubuhi isiyo ya bahari, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yana faida ya kuwa jirani na Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa majaribio ya mazao. Miti yake mikubwa hutoa kivuli cha kweli. Usijaribu kumaliza kila chumba cha makumbusho. Kisa cha fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ni cha wakubwa. Wadogo watasimama kwenye magari ya zamani ya viongozi, na wasimame hapo watakavyo. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mtoto anaingia, anatoka, anachungulia, wala hakuna wa kumkanya asiguse kioo. Kote kuwili thibitisha saa ya kufungua kabla ya kutoka nyumbani, maana kufika mapema mbele ya lango lililofungwa ni kupoteza kipindi chenyewe.

Kuna pia mtoko ambao wengi huuchukulia kama njia ya kufika kwingine, nao ni usafiri. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yanatoka Kimara hadi Kivukoni, na Kivukoni ndipo pantoni ilipo. Kwa mtoto wa miaka minne, basi refu linalopita katika njia yake peke yake, kisha chombo kinachobeba magari na watu juu ya maji, kisha meli kubwa zinazoingia bandarini, ni mambo makubwa kuliko jengo lolote. Vuka, nunua dafu upande wa pili, kaeni kivulini mtazame vyombo vikipishana, kisha vukeni mrudi. Chagua Jumamosi au Jumapili asubuhi, kwani siku za kazi saa hizo mabasi ya kuelekea mjini yamejaa hadi mlangoni na pantoni inasukumana. Subirini magari yashuke kwanza, mshike mtoto mkono muda wote na mkae mbali na kingo.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni la umbali. Anayeishi Chanika, Bunju au Mbagala anaweza kutumia muda mwingi barabarani, naye atauliza kwa haki kabisa: nitoke huko kote kwa muda wa saa tatu tu? Hoja hii ina nguvu, ila inaelekea upande mwingine kuliko anavyodhani msemaji wake. Safari yenyewe ni sehemu ya nguvu za mtoto. Kadiri njia ilivyo ndefu, ndivyo kinachobaki cha kutumia ukifika kinavyopungua. Anayetoka mbali ndiye hasa anayepaswa kuwa na mahali pamoja. Atoke macheo barabara zikiwa wazi, au atafute kilicho karibu zaidi: anayekaa Bunju ana fukwe za upande wa Kunduchi na Mbweni, hana sababu ya kuvuka foleni mpaka Coco Beach. Na kama lazima abaki mjini mchana, basi mchana huo uwe kwa ndugu. Jiji hili limejaa mashangazi na wajomba wenye mkeka na feni. Watoto wakila wali, wakilala, wakiamka saa tisa na nusu, kipindi cha jioni kinaweza kutumika bila kuwaumiza. Taarifu mapema; shangazi akijua idadi ya watoto, sufuria nayo itajua.

Pingamizi la pili husema watoto hupenda mambo mengi, na mahali pamoja patawachosha. Anayetazama mtoto mdogo akicheza ataona kinyume. Mtoto wa miaka miwili anaweza kujaza maji katika kopo na kuyamwaga mara nyingi kuliko mtu mzima anavyoweza kuvumilia kutazama. Anayechoka haraka na mahali ni mkubwa, na mara nyingi ndiye anayemwondoa mtoto kwenye mchezo ili wakaone kitu kingine. Kuhama nako kuna gharama isiyoandikwa kwenye ratiba: kuvaa viatu, kukojoa, kutafuta bajaji, kubishana bei, kuzoea upya. Ukihama mara tatu umetumia sehemu nzuri ya siku kwa mambo ambayo hakuna aliyetoka nyumbani kwa ajili yake. Mtaka yote hukosa yote, na kwa watoto wadogo methali hii ni hesabu tupu.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wakubwa wenyewe: nasi tuna haki ya kufurahi, na raha ya Coco ni jioni, mihogo ya kukaanga, mishikaki, muziki na marafiki. Ni kweli, na jawabu si kumfunga mzazi nyumbani. Jawabu ni kutochanganya mitoko miwili kuwa mmoja. Pelekeni watoto mapema, kisha bibi au dada wa nyumbani abaki nao jioni wakiwa wameoga na kushiba, nanyi mrudi wenyewe mkale mihogo bila kuangalia saa. Familia inayosali Jumapili asubuhi isijilaumu pia kwa kukosa macheo: ibada ya kwanza, chakula na usingizi nyumbani, kisha kipindi cha saa kumi hadi machweo. Wanaoswali alasiri waswali kwanza ndipo watoke. Kilicho muhimu ni kwamba kipindi kimoja kimechaguliwa na kingine kimeachwa.

Mzigo nao ufuate mantiki hiyo hiyo, kwani anayetoka kwa muda mfupi habebi nyumba nzima. Beba maji ya kutosha na uwakumbushe watoto kunywa kabla hawajasema wana kiu. Mtoto wa chini ya miezi sita haongezewi maji hata wakati wa joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na akae kivulini muda wote. Chakula kiwe kisichochacha: chapati, viazi vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yaliyo ndani ya maganda, ndizi, na maembe ambayo msimu huu yamejaa kila genge. Wali wa nazi uacheni nyumbani, maana tui huharibika upesi katika joto. Khanga mbili zinafanya kazi nyingi: kukalia, kujifuta, kujifunika, na moja ikiloweshwa humpoza mtoto shingoni. Ongeza kofia, nguo nyepesi za mikono mirefu, nguo moja ya kubadilisha, nepi, sabuni na mfuko wa taka. Kandambili ni za lazima ufukweni, kwa kuwa mchanga mkavu huunguza na miamba ina ncha. Gusa kwanza mtelezo au bembea ya chuma kabla mtoto hajakaa. Wenye gari wasimwache mtoto ndani hata kwa dakika chache, vioo viwe wazi au vimefungwa. Joto la ndani hupanda kwa zaidi ya nyuzi 10 ndani ya dakika 20.

Majini panahitaji sheria moja isiyojadiliwa: mtu mzima mmoja, aliyetajwa kwa jina, asiyeshika simu, awe karibu na mtoto kiasi cha kumfikia kwa mkono. Si "sote tunaangalia". Wakiangalia wote, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Watu wazima wapokezane zamu. Kwenye umati, wavishe watoto wote rangi moja kali, mwandikie kila mmoja namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, na muonyeshane alama ya kukutania mara tu mnapofika. Kumbuka pia dalili za joto kumzidi mtoto: amelegea, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa kadhaa, ngozi ina moto, au anatapika. Mwondoe juani mara moja, mpoze kwa maji, mnyweshe kidogo kidogo kama yuko macho na anaweza kumeza, na kama harudi katika hali yake upesi, au amechanganyikiwa au kupoteza fahamu, mpeleke kituo cha afya bila kungoja. Hapo ndipo faida ya kuchagua mahali penye njia ya kutokea inapoonekana.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, la fedha. Familia nyingi hutoka na watoto mara moja kwa mwaka, Krismasi au Idd, na kwa sababu ni mara moja huona lazima kila kitu kiingie: nguo mpya, chakula cha kununua, picha, bembea, boti. Lakini tazama ni nini hasa kinachopandisha gharama. Ni chakula cha mchana mjini, kwa kuwa mlibaki mchana. Ni soda za kumnyamazisha mtoto aliyechoka, na teksi ya usiku kwa sababu hakuna anayeweza tena kusimama kwenye daladala na mtoto aliyelala begani. Mtoko wa kipindi kimoja hauna gharama hizo. Una nauli, viazi vya nyumbani na labda dafu. Fedha ya siku moja kubwa ya sikukuu inaweza kugawanywa katika asubuhi kadhaa ndogo kati ya Desemba na Machi, na mtoto aliyerudi ufukweni mara ya tatu anajua tayari kaa hujificha wapi na maji yanaelekea upande gani. Kwa hiyo chukua kalenda leo, tafuta Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, andika mahali pamoja na saa ya kuondoka, kisha uandike saa ya kurudi na uiheshimu hata kama watoto bado wanacheka. Wakiondoka wakiwa bado wanataka, hutalazimika kuwashawishi kutoka tena wiki zijazo.